Kutoka Vitani hadi Mahakamani

Tarehe 28 Julai 1932, Jenerali Douglas MacArthur aliingiza jeshi katika mitaa ya Washington: askari wa miguu, wapanda farasi, vifaru na mabomu ya machozi. Hakuna nchi iliyokuwa imeivamia Marekani. Waliofukuzwa siku ile walikuwa Wamarekani waliopigana Ufaransa mwaka 1918. Walirudi nyumbani, wakapoteza kazi katika mdororo mkuu wa uchumi, kisha wakaja mji mkuu, wengine na wake na watoto, kudai kiinua mgongo chao. Sheria ya mwaka 1924 ilikuwa imewaahidi fedha hizo, ila malipo yangefanyika mwaka 1945. Wao walitaka walipwe mapema, maana njaa haikungoja. Mchana ule polisi walikuwa wamekwisha kuwapiga wawili risasi zilizowaua, na giza lilipoingia vibanda vyao kando ya mto Anacostia vilikuwa vikiteketea.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Novemba ya mwaka huohuo Rais Herbert Hoover alishindwa vibaya katika uchaguzi, na tukio lile lilikuwa limezidi kumchafulia jina. Miaka kumi na mmoja baadaye Marekani ilikuwa katika Vita Kuu ya Pili, ambavyo hadi mwisho wake vingewapitisha jeshini watu wapatao milioni 16. Kila mwanasiasa mwenye kumbukumbu alijiuliza: hawa wakirudi kwa mpigo, hawana kazi, itakuwaje?

Ukarimu ulikuwapo, lakini hofu hiyo ndiyo iliyoharakisha kutungwa kwa sheria iliyokuja kusomesha mawakili, majaji na wabunge wa kizazi kizima.

Rasimu ya hotelini

Jibu liliandikwa na mwanasheria. Harry Colmery alikuwa wakili wa mji wa Topeka, jimbo la Kansas. Katika Vita Kuu ya Kwanza alitumikia kikosi cha ndege cha jeshi, na baadaye akawa kamanda wa kitaifa wa American Legion, chama kikubwa cha wanajeshi wastaafu. Desemba 1943 alichukua chumba katika hoteli ya Mayflower jijini Washington, akaandika kwa mkono, kwenye karatasi za hoteli, rasimu ya mswada ambao ungempa askari anayerudi mambo manne: matibabu, mkopo wa nyumba au shamba, posho wakati anatafuta kazi, na masomo.

Mswada nusura ufie bungeni. John Rankin, mbunge wa Mississippi na mwenyekiti wa kamati iliyohusika, hakuipenda posho ya dola 20 kwa wiki kwa muda wa wiki 52. Kwa mtu mweusi wa Mississippi, aliyezoea kulipwa ujira mdogo mashambani, dola 20 zilikuwa fedha za kutosha kukataa kazi ya kunyonywa, na Rankin alilijua hilo vizuri. Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi katika kamati ya maridhiano waligawanyika nusu kwa nusu. Kura ya kuvunja sare ilikuwa ya John Gibson, aliyekuwa mgonjwa nyumbani kwao Georgia. Watu wa American Legion walimtafuta usiku, wakampakia kwenye gari kwa kasi hadi uwanja wa ndege wa Jacksonville, na asubuhi ya 10 Juni 1944 Gibson akaingia kikaoni kupiga kura yake. Tarehe 22 Juni, siku 16 baada ya majeshi kutua Normandy, Rais Franklin D. Roosevelt alitia saini sheria ambayo Wamarekani huiita GI Bill.

Masharti ya masomo yalikuwa mepesi kueleweka. Askari aliyetumikia angalau siku 90, na ambaye hakufukuzwa jeshini kwa aibu, alilipiwa hadi dola 500 kwa mwaka kwa ajili ya ada, vitabu na vifaa. Juu yake alipewa posho ya kujikimu ya dola 50 kwa mwezi, au 75 akiwa na wanaomtegemea. Muda wa masomo ulikuwa mwaka mmoja pamoja na muda aliotumikia, usizidi miaka minne. Dola 500 zilitosha ada hata ya Harvard. Tena, aliyekaa jeshini miaka miwili alipata miaka mitatu ya masomo, ambao ndio urefu wa kawaida wa masomo ya sheria Marekani.

Wakuu wa vyuo hawakufurahi wote. Robert Hutchins wa Chuo Kikuu cha Chicago alionya hadharani kwamba vyuo vingegeuka makambi ya watu wasio na makao. James Conant wa Harvard naye alihofia wasio na uwezo wa masomo wangejazana madarasani. Kumbe waliokuja walikuwa watu wazima, wengi na wake zao, walioona vifo na hawakuwa na muda wa mchezo. Kufikia 1947 karibu nusu ya wanafunzi wa vyuo vya Marekani walikuwa wanajeshi wastaafu. Hadi mpango ulipofungwa mwaka 1956, watu milioni 7.8 walikuwa wamepata elimu au mafunzo kwa fedha zake, na kati yao zaidi ya milioni 2.2 walipitia vyuo vikuu.

Fedha zisizochagua upande

Vyuo vya sheria viliendesha masomo mwaka mzima, kiangazi na kipupwe, ili kuwahi wimbi hilo. John Paul Stevens, aliyekuwa afisa wa jeshi la majini katika kitengo cha kufumbua maandishi ya siri ya Wajapani, aliingia kitivo cha sheria cha Northwestern, Chicago, na kumaliza mwaka 1947 kwa miaka miwili badala ya mitatu, akiwa na alama za juu kabisa. William Rehnquist, aliyepima hali ya hewa kwa ajili ya jeshi la anga huko Afrika Kaskazini, alisoma Stanford na mwaka 1952 akawa wa kwanza katika darasa lake la sheria. Wote wawili walisomeshwa na GI Bill, wote wawili walifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na humo mara nyingi walipingana. Rehnquist ndiye aliyeandika, akiwa karani kijana wa Jaji Robert Jackson mwaka 1952, waraka uliotetea uamuzi wa zamani uliohalalisha shule za kubagua rangi. Baadaye alisema alikuwa akieleza mawazo ya jaji wake. Vyovyote iwavyo, hazina ya taifa haikumuuliza mwanafunzi atatumiaje sheria aliyolipiwa.

Katika hospitali ya jeshi ya Percy Jones, mjini Battle Creek, Michigan, walilazwa vijana wawili waliojeruhiwa Italia Aprili 1945, wiki moja baina yao. Bob Dole wa Kansas alipoteza nguvu za mkono wa kulia. Daniel Inouye wa Hawaii, mtoto wa familia ya wahamiaji wa Kijapani aliyepigana katika kikosi cha 442, alipoteza wake wote, na pamoja nao ndoto ya kuwa daktari wa upasuaji. Siku moja Inouye alimuuliza mwenzake ana mpango gani. Dole akamweleza: kusomea sheria, kuwa mwendesha mashtaka wa wilaya, kisha bunge la jimbo, kisha Washington. Inouye aliona mpango huo unamfaa na yeye.

Dole alisoma sheria Topeka, mji uleule wa Colmery, katika Chuo Kikuu cha Washburn. Kwa kuwa hakuweza kuandika vizuri, katika mitihani yeye alitamka majibu na mkewe Phyllis akayaandika. Inouye alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha George Washington. Mwaka 1959 Hawaii ilipokuwa jimbo kamili, alichaguliwa kuwa mbunge wake wa kwanza, mwaka mmoja na nusu hivi kabla Dole hajafika bungeni.

Kisa cha Inouye hakikuwa cha mtu mmoja. Spark Matsunaga, askari wa kikosi cha 100, alisoma sheria Harvard. George Ariyoshi, aliyekuwa mkalimani wa ujasusi wa jeshi huko Japani, alisoma sheria Michigan. Kabla ya vita, uchumi na siasa za Hawaii vilikuwa mikononi mwa makampuni machache ya sukari. Katika uchaguzi wa 1954 vijana hawa na wenzao waliotoka vitani, wengi wao wana wa vibarua wa mashamba ya miwa, waliliteka bunge la visiwa hivyo kwa kura. Mwaka 1974 Ariyoshi akawa gavana.

Ada ipo, chuo hakipo

Upande wa Kusini mwa Marekani hadithi ilikuwa nyingine. GI Bill haikutaja rangi ya mtu, na hapo ndipo palipokuwa na mtego. Ilikabidhi utekelezaji kwa ofisi za wilaya, benki za mitaa na vyuo vya majimbo, na vyote hivyo viliendeshwa na watu weupe chini ya sheria za ubaguzi. Mwaka 1947 jarida la Ebony lilichunguza miji 13 ya Mississippi, likakuta kwamba kati ya mikopo 3,229 iliyodhaminiwa chini ya sheria hiyo, askari weusi walipata miwili.

Kwa mweusi aliyetaka uwakili, hata ada ikiwapo, chuo hakikuwapo. Vyuo vya sheria vya majimbo ya Kusini vilikuwa vya weupe. Chuo cha watu weusi cha Howard, jijini Washington, kilibeba mzigo mkubwa kuliko vyote, pamoja na vitivo vichache vilivyoanzishwa Missouri na North Carolina ili tu watu weusi wasiingie kwenye vile vya weupe.

Askari waliorudi hawakukubali. John Wrighten, mwanajeshi mstaafu, aliomba kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha South Carolina, akakataliwa, akashtaki. Mwaka 1947 Jaji J. Waties Waring aliamua kwamba ama jimbo limpe nafasi katika chuo sawa, au limpokee, au lisimfundishe mtu yeyote sheria. Jimbo likachagua kufungua kitivo kipya katika chuo cha watu weusi cha Orangeburg. Miongoni mwa waliosoma hapo alikuwa Matthew Perry. Akiwa askari, Perry aliwahi kupokea chakula chake kupitia dirishani kwenye mgahawa mmoja wa Alabama huku mateka wa vita wa Kiitaliano wamekaa ndani wakihudumiwa mezani. Alihitimu mwaka 1951, akawa wakili aliyevunja ubaguzi katika vyuo vya jimbo hilo, na mwaka 1979 akawa jaji wa shirikisho hapohapo South Carolina.

Huko Arkansas, Silas Hunt, aliyejeruhiwa katika mapigano ya Bulge, alisafiri tarehe 2 Februari 1948 hadi Fayetteville, kwenye Chuo Kikuu cha Arkansas, pamoja na Wiley Branton, naye mwanajeshi mstaafu. Wakuu wa kitivo cha sheria walimpokea Hunt, lakini walimfundishia chumba cha chini, peke yake. Baadhi ya wanafunzi weupe wakawa wanakuja kusoma naye. Hakumaliza. Kifua kikuu kilimuua Aprili 1949. Branton alifuata nyayo, akahitimu, na mwaka 1957 akawa wakili wa wanafunzi tisa weusi wa Little Rock, ambao jeshi la shirikisho lililazimika kuwasindikiza shuleni.

Mississippi haikutoa hata chumba cha chini. Medgar Evers alikuwa Normandy mwaka 1944. Siku aliyotimiza miaka 21, Julai 1946, yeye na wenzake walikwenda kupiga kura mjini Decatur, wakarudishwa na watu wenye silaha. Kwa fedha za GI Bill alisoma chuo cha watu weusi cha Alcorn na kuhitimu mwaka 1952. Januari 1954 aliomba kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Mississippi. Alikataliwa kwa kisingizio cha barua za wadhamini. Chama cha kutetea haki za watu weusi, NAACP, kilimwajiri mwishoni mwa mwaka huo kuwa mwakilishi wake wa kwanza katika jimbo, na kazi hiyo ndiyo iliyomfanya auawe kwa risasi nje ya nyumba yake Juni 1963. Msomaji wa Afrika Mashariki atapenda kujua kwamba mtoto wake wa kwanza, aliyezaliwa mwaka 1953 wakati Jomo Kenyatta akifungwa na Waingereza, aliitwa Darrell Kenyatta Evers. Baba alitaka jina la Kenyatta litangulie. Mama, Myrlie, akaweka Darrell mbele.

Kapteni aliyekwenda Howard

Kama kuna maisha ya mtu mmoja yanayoonyesha sheria ya Colmery ilivyoweza kuzaa jambo ambalo Rankin aliliogopa, ni ya Dovey Johnson Roundtree. Alizaliwa Charlotte, North Carolina, mwaka 1914, akalelewa kwa bibi yake. Mwaka 1942 alikuwa miongoni mwa wanawake weusi 40 wa kwanza kupelekwa Fort Des Moines, Iowa, kufunzwa uafisa katika kikosi kipya cha wanawake cha jeshi. Alifika cheo cha kapteni. Sare haikumkinga: mwaka 1943, mjini Miami, dereva wa basi alimlazimisha ampishe askari mweupe.

Vita vilipokwisha alikutana na Pauli Murray, mwanasheria mwanamke mweusi, na kwake akaona njia. Mwaka 1947 aliingia kitivo cha sheria cha Howard kwa fedha za GI Bill, akiwa mmoja wa wanawake watano tu darasani. Howard wakati ule kilikuwa karakana ya mapambano: mawakili Thurgood Marshall, James Nabrit na wenzao walikuja kupimia hoja zao hapo mbele ya walimu na wanafunzi kabla ya kuzipeleka Mahakama ya Juu. Alihitimu mwaka 1950.

Agosti 1952, Sarah Keys, askari wa kikosi kilekile cha wanawake, alikuwa safarini kwa basi akirudi kwao North Carolina. Mjini Roanoke Rapids dereva alimwamuru ampishe kiti askari mweupe. Alikataa, akalala rumande, akatozwa faini ya dola 25. Kesi yake ilimfikia Roundtree na mshirika wake Julius Robertson. Kwa Roundtree lilikuwa lilelile la Miami, ila safari hii aliyeonewa alikuwa na wakili. Waliipeleka mbele ya tume ya shirikisho iliyosimamia usafiri kati ya majimbo, na Novemba 1955 tume ikaamua kwamba kuwatenga abiria kwa rangi katika mabasi ya kuvuka majimbo ni kinyume cha sheria. Uamuzi ulitangazwa tarehe 25 Novemba, siku sita kabla ya Rosa Parks kukamatwa Montgomery. Ulikaa kwenye makabati hadi mwaka 1961, pale vijana waliopanda mabasi kupinga ubaguzi walipopigwa na mabasi yao kuchomwa. Hapo mwanasheria mkuu Robert Kennedy akaurejea ili kuibana tume itekeleze. Roundtree alifariki Mei 2018, akiwa na umri wa miaka 104.

Hesabu ya miezi

Baada ya sheria ya 1944 ukarimu ulipungua. Uchunguzi wa bunge uligundua kwamba baadhi ya shule, hasa za ufundi, zilijipatia fedha kwa kupandisha ada bila sababu. Kwa hiyo sheria ya mwaka 1952, iliyotungwa kwa askari wa Korea, ilimpa mwanafunzi dola 110 kwa mwezi alipe mwenyewe ada na chakula. Vyuo binafsi, na pamoja navyo vitivo vingi vya sheria, vikawa mbali. Askari wa Vietnam walianzia dola 100 kwa mwezi mwaka 1966. Sheria ya 1984, iliyopewa jina la mbunge Sonny Montgomery, wa Mississippi pia, ilimtaka askari akatwe kwanza dola 1,200 za mshahara ili apate haki hiyo.

Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 2008 kwa juhudi za Seneta Jim Webb, askari wa Vietnam aliyesomea sheria Georgetown. Sheria ya sasa hulipa ada yote ya mkazi wa jimbo katika chuo cha umma. Kwa chuo binafsi kuna kikomo, ambacho katika mwaka wa masomo 2024–2025 kilikuwa karibu dola 29,000, na chuo kikikubali, serikali na chuo hugawana sehemu inayozidi. Kuna posho ya nyumba na fedha za vitabu, na aliyekaa jeshini muda mrefu anaweza kumwachia haki hiyo mkewe, mumewe au mtoto. Mhamiaji mwenye kibali cha ukazi wa kudumu aliyejiunga na jeshi, hata akitokea Mombasa, Goma au Bujumbura, huhesabiwa sawa na mwenzake.

Ila haki hiyo hupimwa kwa miezi: 36. Shahada ya kwanza ya miaka minne, kila mwaka miezi tisa, huimaliza yote, na wa sheria bado anahitaji miezi 27 mingine. Hapo ndipo uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Aprili 2024, katika kesi ya James Rudisill, ulipowagusa wanafunzi wengi. Rudisill, aliyetumikia Afghanistan, alitaka kusomea uchungaji Yale, na idara ya wanajeshi wastaafu ikamwambia miezi yake imebaki kumi na kidogo. Kwa kura 7 dhidi ya 2 majaji waliamua kwamba aliyetumikia vipindi tofauti, akapata haki chini ya sheria zote mbili, ya 1984 na ya 2008, anaweza kutumia hadi miezi 48. Anayefikiria uwakili na afanye hesabu hii kabla ya kuanza shahada ya kwanza, si baada yake.

Mwaka 2017 bunge lilipoifanyia sheria hiyo marekebisho makubwa liliyapa jina la Harry Colmery, na mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Arkansas kilimtunuku Silas Hunt shahada ya sheria, miaka 59 baada ya kifo chake. Deni la askari weusi wa Vita Kuu ya Pili lingalipo. Tangu 2021 mswada umekuwa ukipelekwa Kongresi wa kuwarudishia wajane na wazao wao mafao waliyonyimwa. Umebeba majina ya sajenti wawili: Joseph Maddox, aliyekubaliwa Harvard akanyimwa ada, na Isaac Woodard, aliyepofushwa na mkuu wa polisi wa South Carolina mwaka 1946 akiwa bado na sare. Haujapitishwa.